Kaburi la Pangajuu

Pangajuu, Kusini Unguja
Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Kwa dada yangu Mwanakheir, Mkokotoni.

Shikamoo. Naitoa kwa umri wako, si kwa maneno uliyonitumia. Natumai barua hii itakukuta goti limepungua uvimbe na shemeji anaendelea na nyavu zake kama kawaida. Kama bado waumwa, Mungu akupe afya haraka, kwa sababu nnataka uwe na nguvu za kuisoma hii mpaka chini. Ukinitaka hali, mimi ni mzima. Mgongo mzima, macho mazima, na meno yote yamo. Katika rika letu hapa Pangajuu aliyebaki na meno yake yote ni mimi na punda wa sheha.

Ujumbe wako umenifika. Khatib muuza pweza aliutoa dukani mbele za watu, kwa sauti ile ile anayonadia pweza. Alisema umesema hivi: Muhiddin asikanyage tena kizingiti chako, na siku ukifa asije kubeba jeneza lako, kwa kuwa amemuuza mwanao Salhiya mbele ya kamati. Waliokuja kununua sukari wakasahau sukari. Mwanakhamis mwenye duka akajifanya anapanguza mizani, na mizani ile haijapanguzwa tangu inunuliwe. Nilimwambia Khatib arudi akwambie kwamba jeneza lako lina wabebaji wengi, ulimi wako ndio utakaotaka watu wanne peke yake. Sijui kama alikufikishia. Kama hakukufikishia, ndiyo nimekufikishia mwenyewe.

Wewe tangu nna miaka saba waniita mpayukaji. Siku nilipomkamata chui kule kisimani, ulikwenda kuwaambia watu ni paka wa jirani. Paka gani anayemburuta mtu kutoka kisimani mpaka njia panda? Nilimshika mkia kwa mkono huu huu nnaoandikia, akanitembeza maweni yote, na nilimwachia kwa huruma yangu tu. Wataalamu wanasema Unguja chui wamekwisha. Hawakuniuliza mimi. Lakini wewe, dada yangu wa tumbo moja, ulisema paka, na neno lako likasikilizwa kwa sababu wewe ulisoma mpaka darasa la kumi na mimi nilitoka la sita. Basi leo msomaji soma.

Jumatatu ijayo kamati ya nidhamu ya walimu inakaa tena mjini, na safari hii ni ya mwisho. Itaamua kama Salhiya arudi kuwa mwalimu au avuliwe kazi na asifundishe tena popote hapa visiwani. Hilo unalijua, ndilo linalokuliza. Usilolijua ni namna jambo lenyewe lilivyokuwa, maana umelisikia kwa mwanao, na mwanao naye hakuona yote. Mimi niliona.

Mambo yalianza na neno bure. Wakaja watu wa mradi, wakatukusanya kwa sheha, wakasema watoto wa skuli za mjini wataletwa kwenye msitu wetu wa hifadhi kutembea na kusoma maumbile. Basi bure, chakula bure, kila mtoto na kofia yake bure. Nikainuka nikauliza, mjini kwao hakuna miti? Si pana ile ya Forodhani? Watu wakacheka. Wakil, yule kijana wa misitu, hakucheka. Akasema kwa adabu yake ile ya chuoni kwamba mtoto wa Darajani aweza kumaliza la saba asiwahi kumwona kima punju juu ya mti. Nikamjibu kwamba kima punju naye hajapata kuiona Darajani na hajapungukiwa na kitu. Mkutano ulivunjika kwa kicheko, na Wakil tangu siku ile akaniangalia kama ninayemdai.

Lakini wenye bure yao wakashinda. Na mimi, usisahau, ni mjumbe wa kamati ya hifadhi ya kijiji. Nna kofia ya kijani na kitambulisho chenye picha. Nikapiga kura ya ndio pamoja na wenzangu, huku moyoni nikisema waje tu, mbu watawafundisha.

Darasa la kwanza kuja likawa la Salhiya. Darasa la nne, watoto arobaini na wawili. Alinipigia simu akanambia, Mjomba, nshawaambia skuli kwamba wewe waujua msitu ule kama nyumba yako, nataka utuongoze wewe, si Wakil. Mimi sikumwomba heshima ile. Alinipa mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwonea fahari mjomba wake, jambo ambalo katika nyumba yako hakulisikia kwa mtu yeyote. Nikakubali pale pale. Kwa nini nilikubali haraka vile, nitakwambia nikifika.

Walikuja Jumatano, wiki tatu zilizopita. Walitakiwa waje Jumatano iliyofuata, lakini basi likapatikana mapema, na simu hiyo ya Salhiya ilinifika asubuhi ile ile. Walishuka na kofia zao za njano wakitia zogo kama kuku walioona mwewe. Mmoja alitapika kabla hajaugusa mti. Mmoja akaniuliza msitu unafungwa saa ngapi. Nikawapanga mstari, mimi mbele, Salhiya nyuma akiwahesabu, tukaingia.

Niliwafundisha kuliko vitabu vyao. Niliwaonyesha mti wa mtondoo, mtalawanda, mashimo ya kaa, tundu la pelele, yule mnyama wa mtini anayelia usiku. Kuhusu pelele niliwaambia kwamba siku moja waliniimbia usiku kucha nikawa nawaitikia, na kulipopambazuka wakataka niwe imamu wao. Walicheka mpaka kima wakahama mti. Nikawapa na ya chui. Msichana mmoja, mdogo wa mwili, mtandio umebandikwa pini tatu, akaniuliza kama yule chui alikuwa na jina. Nikamwambia hakuna kati yetu aliyesubiri kuulizana majina. Hakucheka. Akasema kwa upole, Mjomba, ungemuuliza. Huyo ndiye Ummy. Anaishi na bibi yake, Bi Time, kwenye nyumba ya ghorofa mtaa wa Malindi, na mama yake yuko Maskati anafanya kazi majumbani, mwaka wa tatu huu hajarudi.

Huyo Ummy ndiye aliyeungua. Tulikuwa tunarudi, saa tano imepita, mara ikatoka sauti nyuma yetu ambayo sitaki kuiandika. Mtoto katumbukia kwenye tanu la mkaa. Tanu unalijua, ami yetu alichoma mkaa maisha yake yote: magogo yamepangwa, yamefunikwa majani, juu udongo, na moto unakula ndani kwa ndani siku nne, tano, hauonekani ila moshi mwembamba. Ukilitazama tuta tu. Ukilikanyaga, umekwisha. Miguu yake miwili iliingia mpaka katikati ya muundi. Nilimchomoa kwa mkono mmoja, nikamtia begani, nikakimbia maili mbili za mawe mpaka njia kuu bila kupumua, dereva bado anatafuta ufunguo nami nshafika.

Yupo hai, alhamdulillahi. Atatembea, madaktari wamesema, ila si mwaka huu.

Sasa kilichommaliza Salhiya si tanu. Tanu ni la mwizi wa miti, na mwizi hakuwa anajulikana. Kilichommaliza ni kwamba mtoto alikutwa miguu mitupu. Ndilo lile sharti lao la kwanza kwenye karatasi ya safari: kila mtoto awe amevaa viatu vya kufunika, na mwalimu ahakikishe. Angekuwa navyo angeungua kidogo. Viatu vyake vilikuwa hatua sita kutoka kwenye tanu, vimepangwa sambamba, soksi zimekunjwa ndani. Hakuna aliyeweza kueleza. Kamati ikauliza, mwalimu alikuwa wapi mpaka mtoto akapata nafasi ya kukaa chini, kuvua viatu, kukunja soksi, na kurudi nyuma peke yake?

Waliniita mimi kama shahidi. Chumba cha juu, feni inalia, watu watano mezani. Nilivaa kanzu na juu yake kofia ya hifadhi. Nikasema mwalimu alikuwa na simu sikioni. Nikasema niliwaonya watoto wasitoke njiani. Nikasema lile tanu sikupata kuliona kabla ya siku ile. Mwenyekiti akaniuliza mbona watoto watatu wamesema habari ya kaburi. Nikamjibu kwamba watoto wa mjini wakiona tuta lolote husema kaburi, wamezoea sakafu. Akaandika. Kwenye kitabu chake mimi niliitwa shahidi mwenye uzoefu.

Salhiya alikuwa amekaa upande wa pili, mkono wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Alinyoosha ule mzima akaomba kuniuliza swali moja. Wakamruhusu. Akasema, Mjomba, wewe ulikuwa mbele na watoto, kwa nini Ummy alivua viatu? Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, akitaka kujua. Nikatazama feni. Nikasema sijui, muulize aliyekuwa na simu.

Hapo ndipo alipokuletea kilio Mkokotoni, na hapo ndipo ulipomtuma muuza pweza.

Ungenyamaza, Mwanakheir, labda nami ningenyamaza. Lakini si wewe uliyeniandikisha barua hii, usijipe ukubwa. Aliyeniandikisha ni yule mtoto.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Malindi kumtazama. Ukitaka kusikia kwamba nilikwenda kwa huruma, haya, ongeza mwenyewe. Nilikwenda kujua mtoto anasema nini, kwa kuwa kamati ilikuwa imesema itamuuliza akipata nguvu. Bi Time alinipokea kama mfalme. Ameshaambiwa kwamba mwalimu alikuwa na simu, basi akamlaani mwanao mbele yangu kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, na ngazi za nyumba ile ni nyingi. Mimi nikawa naitikia. Akanikalisha, akaenda jikoni kunitengenezea chai ya zaatari.

Mtoto alikuwa amelazwa kitanda cha karibu na dirisha, miguu imeinuliwa juu ya mito. Bibi yake alipotoka akaniashiria nisogee. Akaniuliza kwa kunong'ona kama nimekwenda kwa sharifu tangu siku ile. Nikamwambia sharifu gani, ingawa nilijua. Akasema sharifu wa msituni, kwenye kaburi lenye ubani. Kisha akanieleza kosa lake, dada, kama mtu anayetubu. Alisema alivua viatu kama nilivyosema. Alikuwa amechuma rehani pembeni ya njia, akarudi nayo pale aiweke juu. Akatanguliza mguu wa kulia. Alikuwa amesoma Alhamdu mara mbili na ya tatu hajaimaliza. Alikuwa anamwombea mama yake arudi kutoka Maskati. Akataka kujua amekosea wapi mpaka sharifu akamkasirikia vile, au ni kwa kuwa hakuwa na udhu. Akaniomba nimwendee nimtakie radhi, kwa sababu mimi ananijua.

Nikamwambia nshamtakia, na kasamehe.

Akatabasamu. Akasema, kwa hiyo mama anakuja lini?

Bi Time akaleta chai, na chai sikuinywa.

Basi sikiliza sasa. Tanu ni langu.

Ni langu tangu gogo la kwanza. Nilikata ndani ya hifadhi, mitondoo mitatu na mtalawanda mmoja, mimi mjumbe, na kofia yangu kichwani ili anayeniona kwa mbali ajue nakagua. Nililiwasha Jumatatu nikihesabu kwamba watoto wanakuja wiki ya pili, nitakuwa nshafukua na kusafisha. Walipokuja Jumatano lilikuwa linaiva, na tanu likishika moto hulizimi kwa kulitazama. Ndiyo sababu nilipopigiwa simu na Salhiya asubuhi ile nilikubali haraka. Si heshima. Wakil angewapitisha pale, mimi ningewapitisha kwengine. Lakini njia ya kwengine ilikuwa imeangukiwa na mti, na kwa kuwa nilikuwa nshajisifu mbele ya watoto kwamba sipotei, nikashindwa kuwarudisha. Tukapita hatua ishirini kutoka kwenye tanu.

Wakaona moshi. Wakasikia harufu. Nilikuwa nimelizungushia mawe ili udongo usiporomoke, basi likawa refu, limezungushiwa mawe, kama kaburi la mtu mrefu. Mtoto mmoja akauliza nini kile. Ningesema ni tanu la mwizi, tukaendelea, ingetosha. Ningesema ni moto, msisogee. Neno moja, moto, hata mtoto wa mjini analijua. Lakini nilimwona Salhiya huko nyuma, nikaogopa atakuja kutazama, atamwambia Wakil, basi nikataka kitu kitakachowafanya watoto wapite kimya na kwa hofu. Ulimi ukatoka wenyewe. Nikawaambia pale kazikwa sharifu aliyekuja Unguja kwa kutembea juu ya maji, na ubani wake unawaka miaka mia tatu bila kutiwa na mkono. Wakanyamaza wote. Na kwa kuwa walinyamaza, mimi nikaona utamu, nikaongeza. Nikasema hata wakubwa wa serikali wakifika hapa huvua viatu. Nikasema anayesoma Alhamdu tatu pale kwa moyo safi harudishwi mikono mitupu.

Sikutaka hata mmoja asogee. Mtu mwingine akitaka kuwatisha watoto atawatajia nyoka. Mimi nikawatajia mtu wa kuombwa, kisha nikawageuzia mgongo nikaenda zangu na habari ya pelele. Kati ya wale arobaini na wawili alikuwemo mmoja aliyelelewa vizuri na bibi yake, ana haja yake, na anajua adabu ya kuingia kwa watu wa Mungu.

Salhiya hakuwa na simu. Alikuwa amechutama nyuma akimwosha uso yule mtoto aliyetapika, maana alikuwa ametapika tena, na maji ya kuoshea aliyatoa kwenye chupa yake ya kunywa. Nilisema simu kwa sababu mwalimu wa siku hizi ukimtajia simu watu hawaulizi zaidi. Na hapo juu nimekwambia nilimchomoa Ummy nikakimbia naye. Sifuti, karatasi yangu ni hii na kalamu haifutiki, lakini ujue si kweli. Aliyeingiza mkono kwenye tanu ni mwanao. Ule mkono uliofungwa ndio huo. Aliyembeba mtoto maili zile ni yeye, na watoto wengine wakimfuata nyuma wakilia. Mimi nilisimama. Miguu yangu mizima haikutaka kwenda. Walipokwisha kutangulia nikainama nikaokota vile viatu, nikavichukua mpaka kwenye basi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku ile.

Nimeeleza, na nakujua, saa hii umeshaanza kusema, nilisema mimi. Sema. Sitaki msamaha wako wala sikuutungia barua. Wewe nawe una yako: ungenilea vizuri ulipoachiwa na mama, usingenicheka kila nilipofungua mdomo, labda ningejifunza kusema jambo dogo likabaki dogo. Hilo nalisema na sitalifuta pia.

Jumanne nilirudi Malindi. Nilikuwa nimekata shauri nimwambie mtoto kweli kabla ya kumwambia mtu mwengine yeyote. Nilimngoja Bi Time ateremke sokoni, nikasogeza kigoda. Nikamwambia, Ummy, pale hapana sharifu. Hapajazikwa mtu. Lile ni tanu la mkaa, na tanu ni langu, na mimi nilikudanganya. Hukukosa udhu, hukukosa mguu, hakuna aliyekukasirikia. Nilisema polepole, bila kuongeza kitu, na kwa mtu kama mimi ilikuwa kazi ngumu kuliko kukata mti kwa wembe.

Akanishika mkono, yeye ndiye alinishika mimi, akasema, Mjomba, wasema hivyo ili nisiogope. Nikamwapia. Akasema usiape. Akasema hakuna mtu atakayechoma moto mahali watoto wanapita, halafu awapitishe mwenyewe. Na alisema sawa, mtu wa namna hiyo hafai kuwepo. Mwisho akasema atamuuliza Mwalimu Salhiya, kwa sababu mwalimu hawadanganyi. Akaniuliza kwa nini haji kumtazama, je, naye amemkasirikia?

Salhiya amekatazwa kuonana na mwanafunzi yeyote mpaka kamati imalize. Ameandikiwa barua, na mhuri umepigwa, kwa ushahidi wangu.

Basi fanya hivi, na ufanye kama nilivyosema, maana wewe hupenda kupindua. Jumatatu mapema panda gari uende mjini. Barua hii mpe mwenyekiti mkononi, asomewe kila mtu mle chumbani, tangu shikamoo. Usikate ukurasa. Usimruhusu mtu aruke pale ulipotukanwa wala pale nilipojisifu, wasije wakasema imetungwa na mwalimu mwenyewe, kwa kuwa Salhiya hawezi kukutukana hivi hata akilipwa. Nami nitakuwepo. Nitakaa mlangoni, wakiniita nitaingia, wakisema polisi nitakwenda.

Wakil nshampelekea habari aje kesho baada ya sala ya Ijumaa, nimpeleke kwenye tanu nimwonyeshe na visiki. Alipopata habari aliuliza tu kama nitakuwa na nafasi. Nikamwambia nafasi ninayo tele. Kofia nimeifua, iko kambani. Nimeambiwa safari za watoto zimesimamishwa zote, skuli kumi na moja zilikuwa zinangoja zamu yao. Zikianza tena awaongoze Wakil. Ana adabu, na hajui hadithi hata moja.

Na mwanao wakimrudisha kazini, asikimbilie darasani. Aende kwanza Malindi, apande zile ngazi, akae kitandani kwa yule mtoto na huo mkono wake uliofungwa, amwambie pale msituni hapajazikwa mtu. Yeye ataaminiwa.

Msalimie shemeji, mwambie nyavu zake zilizobaki kwangu zipo salama. Wasalimie jirani yako Shahida na wanawe, na majirani wengine wote walionisema vizuri, kama wamo. Salhiya usimpe salamu zangu. Kamati ikishaisoma mpe barua tu, aisome mwenyewe. Goti lako lifunge majani ya mbono yaliyopashwa moto, uache kusimama juani ukisema na wapita njia.

Ni mimi ndugu yako,
Muhiddin Haji Mwinyi,
mwenye tanu.